Jina la Kuazima

Kuna watu walioumbwa na mikono isiyojua kufumba, na Jedidah Moraa alikuwa mmoja wao. Mwombe chumvi, atakupa na kitunguu. Mwombe koti la baridi, atakuuliza kama una soksi. Kwa hiyo Maureen alipomlilia jikoni, katika fleti yao ndogo ya Kilburn, kwamba ana mimba ya wiki saba na hana pa kwenda, Jedidah hakujiuliza mara mbili. Alimpa kile ambacho Maureen hakuwa nacho katika nchi ile, yaani jina lenye karatasi.

Maureen alikuwa mdogo wake Allan, na Allan ndiye mwanamume ambaye Jedidah angefunga naye ndoa baada ya wiki tatu. Binti huyo alikuja London kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, matembezi yakaendelea. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akisafisha maofisi asubuhi na kulala kwenye kochi la sebuleni, na hajawahi kujiandikisha kwa daktari yeyote. Aliamini kila fomu ya Uingereza ina mlango wa nyuma unaotokea uwanja wa ndege.

"Wakiniuliza pasipoti?" alilia usiku ule, mgongo ameuegemeza kwenye friji.

"Tumia jina langu," Jedidah alimwambia. "Jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, daktari wangu, yule GP wa mtaani."

"Na wakiuliza maswali mengine?"

"Sema ndiyo. Watu wa maofisi ukiwaambia ndiyo wanaridhika, wanaenda kwa swali lingine."

"Na Allan?"

"Allan hatajua."

"Dada, wewe humjui Allan. Yeye ndiye alinikatia tiketi. Alimwahidi mama atanichunga. Mama ni shemasi kanisani, na ana presha. Akisikia hii maneno, tutamzika. Niapie."

"Nimekwambia hatajua."

"Apa kwa kaburi la mama yako."

Hapo Jedidah alisita. Mama yake alizikwa Nyamira wakati yeye akiwa huku, akifanya kazi ya kugeuza wazee wa watu vitandani, na nauli ya kwenda kumzika hakuipata. Kaburi lile alikuwa hajaliona hata kwa picha. Akaapa.

Kuhusu aliyempa Maureen mimba hakuna la kusema. Alihamia Stratford siku aliyoambiwa, na namba yake ya simu ikahama naye.

Siku ya Jumanne walikwenda kliniki ya wanawake. Nesi aliyewapokea aliitwa Avtar, mama wa Kihindi wa makamo, nywele zimeanza kuota mvi, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Walipokuwa wakisubiri ajaze fomu, Jedidah alimnong'oneza wifi yake kwa Kiswahili.

"Tarehe kumi na nne Machi, sitini na nane. Usisahau."

"Sitasahau."

"Na usiangalie chini."

Nesi Avtar aliendelea kuandika. "Kwa hiyo una miaka thelathini na minne," alisema kwa Kiingereza, akimtazama Maureen usoni. "Ngozi yako ina bahati."

Kisha akaiweka kalamu chini na kumweleza. Kuja pale, alisema, hakukuwa sawa na kuamua. Akitaka kuendelea na mimba, wangemwonyesha pa kwenda kwa wakunga na msaada. Akitaka kuzaa lakini asilee, kulikuwa na njia ya kumtoa mtoto alelewe na wengine. Akitaka kuitoa, kwa kuwa ilikuwa haijafika wiki tisa, angeweza kutumia dawa, kidonge kimoja siku ile na dawa ya pili baada ya siku mbili, akiwa palepale kliniki, maana maumivu huja na damu hutoka nyingi kuliko ya mwezi. Au angeweza kufanyiwa kwa mashine ya kuvuta, dakika chache, akiwa amechomwa sindano ya ganzi au amelala usingizi. Madaktari wawili wangetia sahihi. Halafu akamgeukia Jedidah na kumwomba atoke nje kidogo.

"Kwa nini?" Jedidah aliuliza.

"Kila anayekuja hapa huwa ninazungumza naye peke yake. Nataka kumsikia yeye."

Maureen alimsimulia baadaye ndani ya basi. Aliulizwa kama kuna mtu anamlazimisha. Aliulizwa mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu kipimo cha mimba kionyeshe mistari miwili, alijisikia kama mtu mzima. Akasema hapana, hakuna anayenilazimisha, ni mimi. Akatolewa damu mkononi, akameza kidonge cha kwanza. Maswali mengine yote ya kiofisi akajibu ndiyo, kama alivyofundishwa.

Na wahenga hawakukosea. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa tena katika chumba kile cha kusubiri. Maureen alikuwa amepauka usoni. Dakika chache tu baada ya kukaa, aliziba mdomo na kukimbilia chooni, mlango uliokuwa hatua mbili kutoka kiti cha Jedidah. Jedidah akabaki na mikoba miwili mapajani, akimsikia akitapika, na mawazo yake yakaenda kwa Allan, kama yalivyokuwa yakienda siku zote alipokosa kazi ya kuyapa.

Walikutana kwenye kituo cha basi, yeye akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, Allan akienda chuoni. Kesho yake Allan alikuwa palepale, ameshika themosi ya chai. "Jana ulikuwa unasinzia ukisimama," alisema. "Nikasema huyu dada ataangukia barabarani, nilaumiwe mimi." Tangu siku hiyo, kwa mwaka mzima na nusu, hakuna zamu ya usiku aliyotoka Jedidah asikute ile themosi. Alikuwa amemzidi Allan miaka mitano, na mama yake Allan kule Machakos hakuacha kuihesabu hiyo mitano. "Huyo mama mzima atakuzalia nini?" alikuwa akiuliza kwenye simu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Allan alibishana naye hadi akakauka koo. Jumapili iliyopita tu, yule mama alikubali. Jedidah alikuwa amelia kwa furaha juu ya sinki la vyombo, na Allan akamfuta machozi kwa taulo la sahani.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Jedidah akainua macho, na Allan alikuwa amesimama pale na karatasi mkononi, anahema.

Kwa muda mfupi, kwa ule upumbavu wa mapenzi, moyo wake ulimfurahia. Kisha akaiona ile karatasi.

"Hii ni nini, Jedi?"

"Allan. Twende nje tuongee."

"Nimekuuliza, hii ni nini?"

"Umefungua barua yangu."

"Nimefungua zako zote mwezi mzima! Si wewe uliniambia? Fungua, tafuta zenye jina na anwani, tumpelekee lawyer, Home Office, wale wa viza, waone tunaishi pamoja. Bili ya gesi. Barua ya benki. Barua ya council ya mtaa. Leo mtu wa posta amepita nikasema, Mungu ni mwema, hii ni nyingine, ushahidi unaongezeka." Alicheka, kicheko kikavu kisicho na mwenyewe. "Ushahidi nimeupata."

Aliisoma barua kwa sauti, Kiingereza kile cha adabu kikitetemeka mdomoni mwake. Mpendwa Jedidah, asante kwa kututembelea Jumanne. Tunathibitisha kwamba utakuja Alhamisi saa nne kukamilisha matibabu ya kutoa mimba. Tafadhali njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.

"Asubuhi nimekutengenezea chai," alisema. "Umekaa mezani kwangu, ukainywa. Ukaniambia unaenda kazini. Umenibusu, Jedi."

"Najua."

"Ulinibusu!"

"Allan, tafadhali, watu wanatutazama."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri waliinamisha nyuso kwenye magazeti. Binti wa mapokezi alisimama, akauliza kwa Kiingereza kama kila kitu ni salama, na Jedidah akamwashiria kwamba ni salama, ingawa hakuna kilichokuwa salama. Allan alisogea karibu. Alikuwa ananukia sabuni yao ya nyumbani. Sauti yake ikashuka, na iliposhuka ndipo ilipomchoma zaidi.

"Niambie kitu kimoja tu, niende. Ilikuwa yangu?"

Chooni, maji yaliyokuwa yakitiririka yalikatika. Jedidah akajua Maureen amesimama nyuma ya mlango ule, anasikiliza. Ni mbao nyembamba tu iliyokuwa kati yao. Toka, alimwomba kimoyomoyo. Sikukusema, nimekaa na kiapo changu, lakini wewe hukuapa. Toka mwenyewe useme ni wewe. Alimngoja. Alingoja kwa muda wa mtu kusema sala fupi, macho yakiwa kwenye kitasa, na kitasa hakikusogea.

Akisema si yako, Allan angemwona malaya. Akisema yako, angemwona muuaji. Akisema ukweli, angekuwa ameliuza kaburi la mama yake na kumtupa binti wa watu kwenye ndege ya kurudi kwao. Mwanamke yule alipiga hesabu hiyo akiwa na mikoba miwili mapajani, na hakupata jibu ambalo yeye mwenyewe angesalimika nalo.

"Yako," alisema.

Allan alikaa kwenye kiti cha jirani kama mtu aliyekatwa miguu. Akafunika uso. Jedidah alinyoosha mkono kumgusa bega, naye akaruka kama ameguswa na moto.

"Mama aliniambia umri wako umeenda, hutanizalia. Mwaka mzima nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili yako. Nikamwambia, mama, hata akiwa na miaka hamsini nitamngoja. Kumbe kuzaa unaweza." Akaigonga barua kwa kidole. "Kutaka ndiyo hutaki."

"Allan, nakupenda."

"Usiseme hilo neno humu ndani!"

"Nakupenda, na kuna mambo ambayo—"

"Mambo gani? Sema. Niko hapa. Sema nielewe, na nikielewa nitakusamehe, Mungu ananiona. Hata sasa hivi."

Alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na ndani yake kulikuwa bado na yule kijana wa themosi, anaomba apewe sababu yoyote ya kubaki. Jedidah alitazama tena kitasa cha mlango wa choo.

"Hapana," alisema. "Sina la kusema."

"Basi unajua kinachoniuma zaidi?" Allan alisimama, na sauti ikampanda. "Dada yangu analala sebuleni kwako. Maureen anakuita dada, anakuiga hata unavyofunga kitambaa. Mtoto mdogo vile, ana adabu kukuzidi wewe mara kumi! Yeye hawezi kufanya hiki kitu. Unamfundisha nini?"

"Bwana, punguza sauti."

Waligeuka wote wawili. Nesi Avtar alikuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Alikuwa amesema kwa Kiswahili.

"Hapa kuna watu wanaumwa," aliendelea, Kiswahili chepesi cha duka na cha mtaani, kisicho na kutu. "Wewe una uchungu, mimi naona. Lakini kelele hapana. Hapa hapana."

Allan alirudi nyuma hatua moja. Jedidah akakumbuka. Jumanne. Tarehe kumi na nne Machi, usisahau. Nesi alimtazama yeye, akautazama mlango wa choo uliofungwa, akarudi kumtazama yeye.

"Dada, uko na kitu unataka kumwambia huyu bwana? Mimi siwezi kusema kitu. Wewe unaweza."

Jedidah alitikisa kichwa.

Allan alikunja barua mara mbili, tatu, hadi ikawa kidonge cha karatasi, akaiweka juu ya kiti alichokuwa amekalia. "Nitampigia lawyer aache," alisema.

"Na viza yako? Imebaki mwezi mmoja, Allan."

"Viza na iende. Wewe ulidhani nilikupendea karatasi?" Alimtazama kwa mara ya mwisho, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kama mtu anayekagua chumba alichokipanga kabla ya kuhama. "Nguo zangu nitachukua leo. Funguo nitamwachia Maureen."

Akatoka. Kupitia kioo cha dirisha Jedidah alimwona akivuka barabara bila kutazama magari, mvua ikimnyeshea kichwani. Alijiambia atageuka akifika upande wa pili. Alifika, na hakugeuka.

Mlango wa choo ukafunguka inchi mbili.

"Ameenda?" Maureen aliuliza.

Jedidah aliokota ile barua iliyokunjwa akaitia mfukoni.

"Nyinyi wawili," alisema Nesi Avtar, "kuja."

Chumbani kwake alifunga mlango, akavuta viti viwili, na yeye akakaa ukingoni mwa meza. "Mimi nimezaliwa Kisumu. Baba alikuwa na duka la vitambaa, mimi nimeuza kanga kabla sijajua kuandika vizuri. Watu wanaona hii sura wanafikiri sijui kitu." Hakutabasamu. "Jumanne nilisikia yote. Nilinyamaza kwa sababu damu niliyopima ilikuwa yake, magonjwa aliyosema ni yake, na nilipomuuliza peke yake alisema ni yeye anataka. Nikasema Alhamisi nitawaita pembeni, tuandike jina la kweli. Mlidhani mkiandika jina la kweli itakuwa nini?"

"Watauliza pasipoti," Maureen alinong'ona.

"Nani aliuliza?"

Maureen alimtazama Jedidah. Jedidah alitazama sakafu.

"Hapa hatuulizi pasipoti. Mtu hana daktari, tunaandika hana daktari, tunatafuta njia. Mtu anaogopa, tunamwita kwa jina analotaka yeye. Hata barua. Nilikuuliza, tukuandikie nyumbani? Wengi wanasema hapana, tunawapigia tu. Wewe ulisema ndiyo."

"Niliambiwa niseme ndiyo."

Nesi alishusha pumzi. Akatoa fomu mpya kwenye droo, akaiweka mbele ya Maureen na kalamu juu yake. Maureen aliandika Maureen Mwende Mutiso, aliandika tarehe yake mwenyewe, na penye daktari akaandika hana. Haikuchukua dakika moja. Jedidah alikuwa akiitazama kalamu ile ikitembea. Hakuna aliyemwomba kulipa bei ile. Alikuwa ameuza ndoa yake kununua kitu kilichokuwa kikigawiwa bure.

"Dada, nitamwambia," Maureen alisema, machozi yakimtiririka. "Naapa. Nikimaliza hapa tu, nitamwambia kila kitu mwenyewe."

"Usiape," Jedidah alisema. "Kwa kaburi la nani?"

Ilipofika saa sita Maureen alikuwa kitandani, katika chumba cha vitanda vinne chenye mapazia, na dawa ya pili ilikuwa imeanza kazi yake. Alijikunja kama mtoto. Jedidah alimwekea chupa ya maji ya moto tumboni, akamshikia beseni, akampangusa shingo, akampa mkono wa kung'ang'ania, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na mikono yake ilifanya bila kumuuliza.

"Inauma, dada."

"Itapita. Vuta pumzi."

"Wewe ni mama yangu huku. Sina mwingine."

Simu ya Maureen ikalia ndani ya mkoba. Jedidah aliitoa. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na jina la Allan.

Walitazamana. Jedidah alimkabidhi simu ile na kumngoja, kama alivyomngoja nyuma ya mlango, na safari hii hapakuwa na mlango.

"Hallo, kaka?" Maureen alijitahidi kuinua sauti. "Niko job... Sauti? Ni mafua tu." Akasikiliza. Sauti ya Allan ilisikika kutoka kwenye simu, ndogo, inakatika, na Jedidah alitambua kwamba analia. "Nini? ... Jedi? ... Hapana, kaka. Hajawahi kuniambia kitu." Macho yake yalimkimbia Jedidah, yakaenda kwenye pazia, yakabaki huko. "Usimpigie mama sasa, ngoja kwanza utulie... Pole, kaka. Pole sana."

Maumivu yakambana. Akauma mdomo, akafumba macho, akaukamua mkono wa Jedidah kwa nguvu zake zote hadi yakapita. Upande wa pili Allan alikuwa anauliza kitu.

"Niko," alisema Maureen. "Nakusikia." Akajifunika shuka hadi kidevuni. "Hata mimi sikumdhania hivyo."

Jedidah aliuchomoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaufumba juu ya paja. Hakuondoka. Kliniki walikuwa wamesema mgonjwa asirudi nyumbani peke yake.